Stenlesi Yako Imepata Kutu Kwenye Mkunjo? Tafuta Chanzo Kabla ya Kuulaumu Mkunjo

Ukifanya kazi ya vyuma Tanga, lawama hii huikosi mwaka mzima. Mteja anapiga simu, sauti imeshapanda: "Fundi, si uliniambia stenlesi hailiwi na kutu? Njoo uone kona za reli yangu." Unakwenda, unakuta kweli. Sehemu iliyonyooka inang'aa, palipokunjwa pana hudhurungi inayochirizika kama chai iliyomwagika ikakaukia kwenye sahani.

Kwa miaka kadhaa jibu langu lilikuwa moja: chuma ukikikunja unakivunja nguvu, kutu lazima ianzie hapo. Lilikuwa jibu la uvivu, na kwa mama mmoja wa Raskazone lilinigharimu kazi mbili. Nilimkunjia reli ya ngazi ya nje inayotazama bahari, bomba la 304, namba ya stenlesi iliyozoeleka. Wiki sita hazikupita, kona zote zikawa na madoa. Nikaing'oa, nikanunua bomba la 316, namba inayostahimili chumvi zaidi, kwa fedha yangu, nikakunja upya. Wiki sita nyingine, madoa yaleyale, mahali palepale. Kama tatizo lingekuwa mkunjo au namba ya chuma, 316 ingalau ingechelewa. Ndipo nikaenda kuitazama mashine yangu ya kukunjia. Nilipopitisha kidole kwenye mfereji wa magurudumu yake kilitoka na vumbi jekundu. Wiki nzima kabla ya kazi ile tulikuwa tukikunja mabomba meusi ya mageti. Kilichopata kutu kwenye reli ya yule mama hakikuwa stenlesi. Kilikuwa chuma cha kawaida nilichokibandika mimi mwenyewe, kikashindiliwa kwenye uso wa bomba kwa nguvu ya mashine.

Tangu hapo sikubali tena kusema "ni mkunjo" kabla sijapima. Naandika haya kwa mafundi wenzangu wa pwani, maana hewa yetu haisamehe, na mteja anayelipia stenlesi anastahili kujua amepata nini.

Kwanza, mkunjo unafanya nini hasa

Stenlesi ni chuma chenye kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi hiyo ikikutana na hewa inatengeneza utando wa oksidi mwembamba mno, unene wake ni nanomita chache tu, na utando huo ndio unaoizuia kutu. Ukiukwaruza unajirudisha wenyewe, mradi uso uwe safi na hewa iufikie.

Ukikikunja, ukikigonga, ukikivuta au ukikikandamiza chuma hicho kikiwa baridi, mambo matatu yanatokea. Kinakuwa kigumu zaidi. Kinabaki na mvutano ndani yake, yaani hata baada ya kukiachia kuna sehemu inayotaka kujirudi na nyingine inaizuia. Na kwa 304, sehemu ya chuma inabadili mpangilio wake wa ndani, kutoka ule unaoitwa austenaiti kwenda matensaiti. Lakini hapa ndipo wengi wetu tunapopotea: kromi haijaenda popote. Matensaiti inayozaliwa kwa mkunjo ina kromi ileile na nikeli ileile ya chuma kilichoizaa. Kwa hiyo utando bado unaweza kujijenga juu yake. Kwa kutu ya kawaida ya kuenea juujuu, mkunjo peke yake unapunguza kinga kidogo tu. Unafungua mlango kwa vishimo kiasi fulani, na unafungua mlango mpana sana kwa nyufa. Nitafika huko.

Madoa ya chai, uso ukiguswa ni laini

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Lowesha kitambaa, sugua kwa sabuni na dodoki. Madoa yakipungua na chini yake hakuna kishimo ambacho ukucha unanasa, usiogope, chuma chako ni kizima.

Sababu ya kwanza ya kutazama ni uchafu wa chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida: magurudumu ya mashine, jiriwa lenye meno ya chuma, diski ya grenda iliyokwisha kukata nondo, brashi ya waya wa kawaida, hata cheche za jirani anayekata geti mita tano kutoka kwako. Kuna kipimo cha bei nafuu. Chukua gramu 4 za mrututu, zikoroge katika mililita 250 za maji, weka mililita 1 ya asidi ya salfuriki (asidi iingie kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi). Pakaza pale penye shaka, acha iwe mbichi kwa dakika 6. Panapotokea rangi nyekundu ya shaba, hapo pana chuma cheusi. Usikifanye kipimo hiki kwenye chombo cha chakula. Kwa sufuria na meza za jikoni, lowesha kwa maji safi, acha pakauke, rudia kwa siku nzima, kisha tazama panapotoa madoa.

Dawa yake ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaouzwa kwa watengeneza juisi. Gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji, joto la kawaida, iache ifanye kazi kwa dakika 20 au zaidi, kisha suuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi. Lakini kama uchafu umeshindiliwa ndani, kama ulivyokuwa wangu, utalazimika kwanza kupiga msasa safi, ndipo upake.

Sababu ya pili ni ukwaruzi wa uso wenyewe. Upande wa nje wa mkunjo unavutika, na ukivutwa sana unaparuza kama ulimi wa paka. Huku pwani uso wa hivyo unashika chumvi, na chumvi inavuta unyevu hata usiku usio na mvua. Ukiweza kuutazama uso wa mkunjo kwa kioo cha kukuzia utaona mabonde madogo. Kila bonde ni kidimbwi cha maji ya chumvi. Kwa kazi ya nje kando ya bahari, ukwaruzi wa uso unatakiwa uwe chini ya mikromita 0.5, na uso wa mkunjo mkali hauko hivyo bila kupolishiwa upya. Kwa hiyo polishi baada ya kukunja, si kabla. Piga msasa kufuata urefu wa bomba ili maji yateremke, usiupige kwa kuzungusha.

Tazama pia doa liko upande gani. Mara nyingi ni upande wa chini wa reli, usiofikiwa na mvua. Wakati wa masika mvua inaosha sehemu za juu, lakini za chini zinabaki na chumvi iliyoletwa na kusi. Hapo mkunjo hauna kosa lolote, ni suala la kuosha. Maji baridi ya bomba na kitambaa, kila baada ya wiki chache, yanatosha.

Na muulize mteja swali hili kabla hujapanda ngazi: je, baada ya reli kufungwa, kuna mtu alisafisha vigae kwa asidi? Ile asidi ya dukani ya kung'arisha sakafu na vyoo ni asidi ya hidrokloriki. Mvuke wake tu unatosha kuiharibu stenlesi ya chumba kizima ndani ya siku moja. Nimeona nyumba ambayo reli, bawaba na vitasa vyote vilibadilika rangi kwa pamoja, vilivyokunjwa na visivyokunjwa. Ukiona doa halichagui kona, fikiria asidi kwanza.

Sumaku inanasa kwenye kona

Hili ni tatizo la imani zaidi kuliko la chuma. Mzee mmoja wa Ngamiani alinijia na sumaku ya spika mkononi. "Mwanangu, shuka hii ya sinki sumaku hainasi. Lakini hapa kwenye kona inanasa. Umeniunganishia bati?" Nilimwamkia, nikamketisha, nikachukua kipande kipya cha 304, nikampa sumaku aijaribu: haikunasa. Nikakikunja mbele ya macho yake kwenye jiriwa, nikamrudishia. Ikanasa, kwa udhaifu, lakini ikanasa. Akacheka, akasema basi na ngozi ya mtu ikikunjwa sana inaota sugu.

Ndiyo matensaiti hiyo. Austenaiti haivutwi na sumaku, matensaiti inavutwa. 304 inabadilika hivyo kwa urahisi kiasi. 316, yenye nikeli zaidi, inabadilika kidogo sana. Kwa hiyo sumaku kwenye kona inakueleza kwamba chuma kimefanyiwa kazi kikiwa baridi, basi. Haikuelezi ubora wake.

Na kinyume chake ni hatari zaidi. Ipo stenlesi ya 201, ambayo nikeli imepunguzwa na manganisi ikaongezwa ili bei ishuke. Ikiwa bado ni shuka iliyonyooka, haijakunjwa, hainasi sumaku kabisa, na mfanyabiashara anakuambia "jaribu mwenyewe, ni orijino". Ndani ya nyumba huko bara inavumilia. Kwa Tanga, nje, sikushauri. Ukitaka uhakika nunua dawa ya matone ya kupimia manganisi (nyingi kwenye 201) na molibdeni (iliyomo kwenye 316). Kichupa kimoja kinapima vipande vingi.

Vishimo, ukucha unanasa

Hapa chuma chenyewe kimeliwa. Kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoshambulia stenlesi, imetoboa utando mahali padogo, na ndani ya kishimo maji yanageuka kuwa makali kuliko ya nje, kwa hiyo kishimo kinajichimba chenyewe. Mkunjo unachangia: uso uliovutika unafichua chembechembe za salfaidi (misombo ya salfa) zilizomo ndani ya chuma, unapasua kingo zake, na hapo ndipo vishimo vinapopenda kuanzia. Chuma chenye matensaiti nyingi nacho huelekea kutobolewa mapema zaidi kuliko kisichokunjwa. Lakini namba ya chuma ina uzito mkubwa kuliko mkunjo. 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, 304 haina, na kwenye hewa ya bahari tofauti hiyo unaiona kwa macho.

Kwa kitu kinachozama baharini, hata 316 usiiamini penye upenyo mwembamba: chini ya wosha, chini ya mpira, chini ya chaza waliojibandika kwenye shafti ya boti. Hewa haifiki huko, utando haujirudishi. Mashua zinazotia nanga Deep Sea nimezifungulia bolti nyingi ambazo kichwa kinameremeta na shingo imebaki nusu.

Mama lishe nao wanapata vishimo, chini ya sufuria, si kwenye mkunjo. Chanzo ni chumvi kumwagwa kwenye maji baridi. Inatua chini, inayeyuka polepole, na pale ilipotua kloridi inakuwa nyingi kupita kiasi. Subiri maji yachemke, tia chumvi, koroga.

Ufa

Ukiona ufa, acha vingine vyote. Hapa, na hapa tu, nitakubali mkunjo uitwe mshitakiwa wa kwanza.

Nyumba moja ya wageni kwenye barabara ya kwenda Pangani ilinipa tangi la maji ya moto lirekebishwe. 304, ubao wa milimita 2, kingo zimekunjwa kwa pembe kali ndipo zikachomelewa. Nje hapakuwa na kutu ya kusema, isipokuwa mstari mwembamba wa hudhurungi kando ya mkunjo, kama mtu aliyepitisha kalamu. Nilipoliosha na kulipaka mafuta mepesi kisha nikapanguza na kunyunyiza chaki, ufa ulijichora wenyewe: shina moja, matawi mengi, yakigawanyika kama mizizi ya mkoko. Lilikuwa likijazwa maji ya kisima, yenye ladha ya chumvi, na kuchemshwa mchana na usiku.

Nyufa za namna hii zinahitaji vitu vitatu vikutane: mvutano ndani ya chuma, kloridi, na joto. Kwa 304 na 316, kwa kawaida joto linaloogopewa ni kuanzia nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Mvutano haukuhitaji mzigo wowote kutoka nje. Mkunjo ulishauacha ndani, na pale mshono wa kuchomelea ulipokaa juu ya mkunjo, mivutano miwili ikajumlishwa. Chuma hakipungui unene, hakitoi kutu nyingi, kinapasuka tu. Ndiyo maana dalili hii inadanganya: kadiri uso unavyoonekana mzuri, ndivyo mtu anavyochelewa kushtuka.

Kipimo hicho cha nyuzi 60 nacho hakitoshi kila mahali. Mwaka 1985 huko Uster, Uswisi, dari ya saruji ya bwawa la kuogelea la ndani iliwaangukia watu na kuua 12. Ilikuwa imening'inizwa kwa vyuma vya stenlesi, na vilikatika kwa nyufa hizihizi, katika joto la kawaida la chumba, kwa sababu mvuke wa maji yenye klorini uliacha kloridi kali juu yake na hakuna aliyekuwa akiviosha huko juu. Ukifunga chochote cha kubeba uzito juu ya bwawa la hoteli, tafadhali kumbuka hilo.

Tangi lile sikulichomelea. Ufa wa hivi ukiuchomelea unafungua mwingine sentimita mbili pembeni, kwa sababu moto wako umeongeza mvutano. Nilimweleza mwenyewe: tangi jipya, ama la stenlesi ya 444, ambayo karibu haina nikeli na inastahimili nyufa hizi vizuri, ama la stenlesi ya dupleksi 2205, kingo zikunjwe kwa duara pana, mshono ukae mbali na mkunjo. Kubadili kwenda 316 peke yake kunachelewesha tu.

Kuna ufa wa aina nyingine, wa sufuria na bakuli zilizokandamizwa kwa kina kirefu. Unatoka ukingoni kwenda chini, umenyooka, na unaweza kutokea dukani kabla chombo hakijaonja maji, siku au wiki baada ya kutoka kiwandani. Huo si kutu. Ni chuma chenye nikeli chache, kama 201, kilichovutwa kupita uwezo wake kikajaa matensaiti na mvutano. Hakuna cha kutibu, rudisha dukani.

Mkunjo uliopashwa moto

Hii tabia tumeirithi kwenye chuma cheusi na inanisikitisha kila ninapoiona. Bomba linakataa kukunjika, fundi anawasha gesi, analipasha mpaka linakuwa jekundu la kufifia, analikunja, analiacha lipoe taratibu kivulini. Kwa chuma cheusi ni sawa. Kwa stenlesi, kati ya nyuzi 425 na 850, kaboni inaikamata kromi mipakani mwa chembe za chuma na kuifunga. Ukanda wa pembeni unabaki bila kromi ya kutosha kujenga utando. Na chuma kilichokwisha kukunjwa baridi kinaharibika hivyo haraka zaidi. Hapa, tofauti na mkunjo wa baridi, kromi kweli imeondoka kazini.

Dalili: kutu iko kwenye ukanda, karibu na penye rangi ya buluu na zambarau, na ukikipinda kipande kinamomonyoka kama kaimati kavu. Hakirudi kwa msasa. Kukirudisha kunataka nyuzi 1,010 hadi 1,120, kisha kukipoza kwa haraka kwa maji, kazi ya tanuri na si ya mtungi wa gesi. Kunja baridi, kwa duara pana. Kwa shuka, nusu-kipenyo cha ndani kisipungue unene wa shuka yenyewe. Kama lazima kuwe na moto kwa sababu ya kuchomelea, nunua 304L au 316L, zenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03.

Rangi ya moto kando ya mshono iondoe yote. Ile pasta ya kuondolea ina asidi ya hidrofluoriki, inayopenya ngozi na kufika mfupani bila kuunguza sana mwanzoni. Bila glavu zake maalumu, miwani, na jeli ya kalsiamu glukoneti karibu, usiifungue. Tumia msasa safi na sitriki.

Madoa yanatoka ndani ya bomba

Mwisho, jambo dogo lililonisumbua miezi. Bomba limekunjwa vizuri, mashine safi, uso umepolishiwa, na bado hudhurungi inatiririka kutoka tundu la chini. Tulikuwa tunajaza mchanga ndani ya bomba ili lisibonyee wakati wa kukunja, na mchanga tulikuwa tunauchota ufukweni. Chumvi yake ilibaki ndani, pasipo hewa na pasipo mvua. Sasa tunatumia mchanga wa mto, uliooshwa na kuanikwa, na bomba linasuuzwa ndani kabla ya kufungwa. Magurudumu ya mashine ya kukunjia stenlesi tumeyatia alama ya rangi ya buluu, nayo hayagusi chuma cheusi. Yana sanduku lake, na ufunguo ninakaa nao mimi.